Kunguru wa Muleba si Mvamizi: Maneno ya Kueleza Himaya na Akili za Ndege

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno machache ambayo Kiswahili hutumia kueleza tabia za kunguru, hasa tabia yake ya kulinda mahali pake na uwezo wake wa kukumbuka na kupambanua. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la istilahi lijishughulishe na ndege ambaye kila mtu anamjua. Jibu ni kwamba, kwa kuwa kila mtu anamjua, ni wachache walioona haja ya kuyapima maneno yanayomhusu; na maneno yasiyopimwa yanapoingia katika matangazo ya ofisi na vitabu vya shule, huweza kuleta madhara. Kisa kifuatacho, kilichotokea wilayani Muleba, kitadhihirisha jambo hilo.

1. Tangazo la Muleba

Katika shule moja ya msingi wilayani Muleba, mkoani Kagera, kunguru wawili walijenga kiota juu ya mkaratusi ulio karibu na lango. Walikuwa wa aina ile inayoonekana siku zote Bukoba na Muleba: weusi, wenye kifua cheupe na ukanda mweupe unaozunguka shingo kwa nyuma. Kwa muda mrefu hawakumsumbua mtu. Makinda yalipoanguliwa mambo yakabadilika. Kila aliyepita chini ya mti alipigiwa kelele, na aghalabu ndege mmoja alishuka kwa kasi kutoka nyuma na kupita karibu mno na kichwa chake. Wanafunzi wadogo wakaanza kuliepa lango na kupitia katikati ya migomba. Mwalimu mmoja, ambaye siku moja alichukua fimbo na kuupiga ule mti, aliona ajabu: tangu siku hiyo ndege walimfuata yeye hata alipokuwa mbali na kiota, na wenzake aliokuwa akitembea nao wakaachwa.

Shule ikabandika tangazo ubaoni: "Jihadharini na kunguru wavamizi." Aliyeliandika alitaka tu watu wapite kwa uangalifu. Lakini mzazi mmoja alikuwa amekwisha kusikia redioni habari za kunguru wavamizi wa pwani wanaoangamizwa kwa sumu. Alikuja shuleni akauliza, "Mwalimu, ikiwa hawa ndio wale wavamizi, hiyo sumu yao tutaipata wapi? Tunangoja mpaka mtoto atobolewe jicho?" Wazazi wengine wawili wakamwunga mkono. Mwandishi wa makala haya alikuwapo kwa shughuli nyingine, akaombwa, kwa kuwa ni mtu wa lugha, aeleze neno "wavamizi" lina maana gani hasa. Jibu alilolitoa siku ile lilikuwa fupi na pungufu. Makala haya ni jitihada ya kulikamilisha.

2. Jina moja, ndege watatu

Neno "kunguru" ni la zamani katika Kiswahili, na kwa mazungumzo ya kawaida linatosha. Tatizo huanza pale ambapo habari inayomhusu ndege mmoja inapochukuliwa kuwa inawahusu wote. Nchini Tanzania kuna aina kadhaa za kunguru. Watatu wafuatao ndio wanaochanganywa zaidi.

Wa kwanza ni yule wa Muleba, ambaye wataalamu humwita Corvus albus. Ameenea karibu Afrika yote iliyo kusini ya Sahara, naye ni mwenyeji wa bara hili. Wa pili ni Corvus splendens, ndege mwembamba kidogo mwenye shingo na kifua cha rangi ya kijivu. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani zake. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, kwa matumaini kwamba angekula taka za mji, na kutoka huko akaenea pwani ya Tanzania na Kenya. Huyu hula mayai na makinda ya ndege wengine, hunyakua vifaranga vya kuku, na kuchafua mahali watu wanapoishi. Wa tatu ni Corvus albicollis, mkubwa, mwenye mdomo mnene, anayependa milima na majabali. Mwili wake ni mweusi ila baka jeupe nyuma ya shingo.

Mfasiri anaweza kushawishika kutafsiri majina ya kitaalamu ili kupata majina ya Kiswahili. Njia hiyo haimfikishi mbali. Albus kwa Kilatini ni "mweupe", na hakuna atakayekubali kumwita ndege wa Muleba "kunguru mweupe". Splendens ni "ang'aaye", jina ambalo halimsaidii mtu kumtofautisha ndege huyo na mwenziwe. Jina la watu wa mjini, "kunguru weusi", nalo lina dosari, maana huyo anayeitwa mweusi ana shingo ya kijivu. Tena, tukimwita ndege wa Muleba "shingo nyeupe", tutamgonganisha na yule wa milimani.

Alama inayomtofautisha ndege wa Muleba na wenzake wote wawili ni kifua. Kwa hiyo tunapendekeza aitwe kunguru kifua-cheupe. Yule wa pwani aendelee kuitwa kunguru wa Bara Hindi, jina ambalo tayari lina watumiaji na ambalo linasema wazi kwamba asili yake si hapa. Yule wa tatu aitwe kunguru wa milimani. Katika mazungumzo hakuna ulazima wa kuyataja majina haya kwa ukamilifu. Katika tangazo, sheria, barua ya serikali na kitabu cha shule, ulazima upo.

3. Kuvamia na kuzonga

Katika lugha ya kila siku, kuvamia ni kumwendea mtu au mahali ghafla kwa nia ya kushambulia. Jambazi huvamia duka. Jeshi huvamia nchi. Katika taaluma ya mazingira, hata hivyo, neno hili limepewa kazi maalumu. Tunaposema "viumbe vamizi" tunakusudia viumbe waliopelekwa na binadamu mahali ambapo si kwao, wakaenea huko na kudhuru viumbe wenyeji au maisha ya watu. Mkazi wa Kagera haihitaji kamusi kumwonyesha mfano. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na ingawa ameleta biashara kubwa, amechangia kupotea kwa aina nyingi za furu. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilionekana katika ziwa hilo mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba mialo ya wavuvi.

Kwa maana hii, kunguru wa Bara Hindi ni kiumbe vamizi bila shaka. Mwezi Juni 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaua ndege hao wapatao milioni moja kwa sumu iitwayo Starlicide. Kunguru kifua-cheupe si kiumbe vamizi hata kidogo. Tena yeye ni mmoja wa walioumizwa: katika sehemu za pwani ambako yule mgeni ameenea, mwenyeji huyu amepungua.

Basi tangazo la Muleba lilitumia neno moja ambalo lina maana mbili, na msomaji akaichukua ile ambayo haikukusudiwa. Hatuwezi kumlaumu mzazi, kwani alisoma kama msomaji yeyote mwangalifu anavyosoma: alilinganisha neno aliloliona ubaoni na neno alilolisikia redioni, akaona ni lile lile. Kosa lilikuwa la mwandishi. Na madhara yake yangekuwa makubwa, kwa maana sumu iliyotegwa katika nyama ingeweza kuliwa na viumbe wengine pia, si kunguru peke yake.

Ni neno gani basi lililofaa? Kitendo cha ndege mmoja au kadhaa kumwendea adui, kumpigia kelele, kumzunguka na kumrukia ili aondoke, tunapendekeza kiitwe kuzonga, na jina la kitendo liwe uzongaji. Kitenzi hiki kinajulikana: mtu huzongwa na watoto wanaomwomba peremende, au huzongwa na mawazo. Ndani yake kuna maana ya kuzungukwa na kukoseshwa raha, wala hakidai kwamba anayezonga ameingia mahali pasipo pake. Msomaji anayekaa Bukoba mjini amepata kuona kunguru wakimzonga furukombe au mwewe kando ya ziwa, ingawa furukombe ni mkubwa kuliko wao. Kwa lugha ya sheria, kunguru hapo ni mlalamikaji.

4. Mahali panapolindwa

Linafuata swali la kukiita nini kile kitu kinacholindwa. Vitabu vingi huandika "eneo", na neno hilo halina kosa, ila halitoshi. Eneo ni mahali popote penye mipaka, pawe panalindwa au hapalindwi. Wataalamu wa wanyama hutenga mambo mawili. Kwanza kuna sehemu yote ambayo mnyama huipitia kutafuta riziki. Kunguru wa Bukoba aweza kuondoka kwenye kiota chake, akaenda kwenye mwalo kuokota dagaa, akapitia jalalani na sokoni, asigombane na mtu. Huko hukutana na kunguru wengine makumi, kila mmoja na lake. Pili kuna sehemu ndogo zaidi, aghalabu ile inayozunguka kiota, ambayo ndege na mwenziwe huizuilia wengine wa jinsi yao na kila wanayemdhania kuwa ni adui. Kutumia neno "eneo" kwa yote mawili ni kufuta tofauti ambayo ndiyo kiini cha somo.

Tumeyapima maneno matatu kwa ajili ya hii sehemu ya pili.

La kwanza ni "miliki". Udhaifu wake ni kwamba linabeba haki ya kisheria, hati na urithi. Kunguru hana hati; haki yake hudumu kadiri anavyoweza kuitetea, na makinda yakisharuka aghalabu ukali wake hupungua.

La pili ni "kibanja". Pendekezo hili lilitolewa na walimu wa Muleba wenyewe, nalo linastahili heshima. Kwa Mhaya, kibanja ni shamba la migomba na mibuni lenye nyumba ndani yake, ambalo mipaka yake inajulikana, mara nyingi kwa mimea ya omulamula iliyopandwa kwenye kingo. Jina la mmea huo linatokana na kitenzi cha kuamua mashauri, ambacho ni ndugu wa kitenzi chetu "amua". Mwalimu anayetaka mwanafunzi wa Kamachumu au Nshamba aelewe upesi kwa nini kunguru hupiga kelele, hana mfano bora kuliko huu: umeingia katika kibanja cha mtu bila kubisha hodi. Tena si aibu kwa Kiswahili kupokea neno kutoka Kagera, kwani "senene" limekwisha kupokelewa na linaeleweka hata na wasiopata kuwaonja. Lakini istilahi hutakiwa ieleweke vilevile kila pahali. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, kibanja ni sehemu ya mpangaji katika ardhi yenye mmiliki mwingine. Na pwani wako watakaofikiri juu ya kiwanja kidogo cha kujengea. Kwa hiyo kibanja kinafaa kuwa mfano wa darasani, hakifai kuwa istilahi.

La tatu ni "himaya". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni ulinzi. Wengi wetu tulilijua kwanza katika somo la historia, kwamba mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Wako wanaosema kwamba kumbukumbu hiyo inalifanya neno liwe zito mno kwa ndege. Sisi tunaona kwamba uzito huo unasaidia. Himaya ni mahali ambapo mwenye nguvu huwakinga waliomo na kuwazuia walio nje, na hivyo ndivyo kunguru anavyofanya kwa makinda yake. Tunapendekeza himaya kwa ile sehemu inayolindwa, na eneo la mzunguko kwa ile sehemu pana isiyolindwa. Ndege mwenye tabia hii aitwe ndege mwenye himaya, na tabia yenyewe iitwe kulinda himaya.

5. Akili, ujanja na silika

Mwalimu aliyefuatwa na kunguru kwa sababu ya fimbo alitoa hukumu yake kwa neno moja: "Wajanja hawa!" Neno hilo latuingiza katika sehemu ngumu kuliko zote.

Kiswahili kina maneno mengi ya jamii hii: akili, werevu, ujanja, hila, busara, hekima, silika. Wingi huo ni utajiri, lakini maneno mengine kati yake yana hukumu ya kimaadili ndani yake. Ujanja na hila hudokeza udanganyifu. Busara na hekima hudokeza wema. Ndege si mwema wala si mwovu. Kwa hiyo katika maandishi ya kitaaluma tunashauri mfasiri abaki na maneno yasiyohukumu. Akili iwe uwezo wote wa kupokea habari, kuzikumbuka na kuzitumia. Werevu uwe uwezo wa kupata njia mpya ya kutatua jambo. Silika iwe yale ambayo kiumbe amezaliwa nayo bila kufundishwa. Kwamba kunguru hujenga kiota ni silika kwa sehemu kubwa. Kwamba anamtambua mwalimu mmoja kati ya wanane si silika, maana hakuzaliwa akimjua. Amejifunza na akakumbuka.

Je, jambo hilo lawezekana? Utafiti umelionyesha kwa kunguru wa Marekani. Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, John Marzluff na wenzake walivaa vinyago vya namna moja walipokuwa wakiwanasa kunguru na kuwafunga pete miguuni. Baadaye kila aliyepita na kinyago kile alizongwa, hata kama hakupata kumnasa ndege yeyote, na aliyevaa kinyago kingine hakuzongwa vivyo hivyo. Kadiri miaka ilivyopita waliozonga waliongezeka, wakiwamo ndege ambao hawakunaswa kamwe: walikuwa wamejifunza kutoka kwa wenzao. Huko Kaledonia Mpya, mwaka 1996, Gavin Hunt alieleza namna kunguru wa kisiwani wanavyotengeneza vyombo kwa vijiti na majani ili kuwatoa wadudu mashimoni. Mwaka 2002, mjini Oxford, kunguru mmoja wa aina hiyo aliyeitwa Betty aliupinda waya ulionyooka ukawa kulabu, akaopoa chakula chake.

Hapa pana onyo kwa mfasiri. Ndege wa Seattle, wa Kaledonia Mpya na wa Muleba ni jamaa, lakini ni aina tatu mbalimbali. Mtu akiandika "imethibitishwa kwamba kunguru hutengeneza vyombo", msomaji wa Bukoba atamtazama ndege aliye kwenye paa lake na kungoja aone vyombo. Sentensi iliyo sahihi ni "imethibitishwa kwamba kunguru wa Kaledonia Mpya hutengeneza vyombo". Kadhalika kisa cha mwalimu na fimbo ni ushuhuda wa mtu mmoja. Kinalingana na utafiti wa Seattle, lakini chenyewe si utafiti. Jina likikosekana kuwa kamili, elimu nayo hukosekana kuwa sahihi.

Wahenga, kwa upande wao, walimwangalia kunguru kwa makini. Husema: "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake." Walimu wengi huifundisha methali hii kana kwamba inamdharau ndege huyu. Tukiisoma vizuri tutaona kwamba woga unaotajwa ndio unaouokoa ubawa. Ndege anayewakumbuka waliomtishia, na kuruka kabla jiwe halijatupwa, hana woga wa kipumbavu, ana hadhari. Na pale kwenye kiota, ambapo hadhari ingemtaka aruke aende zake, yeye hubaki na kumkabili mtu aliye mzito kuliko yeye mara mia hivi. Ni vyema mwanafunzi aoneshwe yote mawili.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe na walimu, wafasiri na maofisa wa serikali:

Kunguru kifua-cheupe: kunguru mwenyeji mweusi mwenye kifua na ukanda wa shingo mweupe.
Kunguru wa Bara Hindi: kunguru mgeni mwenye shingo ya kijivu, aliyeenea pwani.
Kunguru wa milimani: kunguru mkubwa mwenye baka jeupe nyuma ya shingo peke yake.
Kiumbe vamizi: kiumbe aliyeletwa na binadamu mahali pasipo pake, akaenea na kudhuru. Neno hili lisitumiwe kwa mnyama anayejihami.
Kuzonga, uzongaji: kumzunguka, kumpigia kelele na kumrukia adui ili aondoke.
Himaya: sehemu ambayo mnyama huilinda dhidi ya wengine.
Eneo la mzunguko: sehemu yote anayoipitia mnyama kutafuta riziki.
Silika: tabia ya kuzaliwa nayo, isiyotokana na kufundishwa.

Istilahi hupimwa kwa matumizi. Kwa hiyo tuliketi na walimu wale na kuliandika tangazo upya, hivi:

"Juu ya mkaratusi ulio langoni kuna kiota cha kunguru kifua-cheupe chenye makinda. Ndege hawa ni wenyeji wa hapa, wala si wale wanaotangazwa redioni. Humzonga apitaye chini ya kiota kwa sababu wanalinda himaya yao. Watapunguza ukali makinda yatakaporuka. Hadi wakati huo, wote watumie lango dogo la upande wa migomba. Ni marufuku kuupiga mti au kutupa mawe."

Ahadi iliyomo katika tangazo haikuwa ya kubahatisha. Kunguru wa aina hii hutaga mayai 4 au 5 kwa kawaida, hulalia kwa siku 18 au 19, na makinda huondoka kiotani baada ya wiki sita hivi. Ukali hudumu kwa majuma, na mtoto aweza kuvumilia kuzunguka kwa majuma machache.

Msomaji ataona kwamba tangazo la pili ni refu mara nyingi kuliko la kwanza. Wako maofisa watakaolalamika kwamba ubao hautoshi. Tunawajibu kwamba tangazo la kwanza lilikuwa fupi, na ufupi wake ulikaribia kuleta sumu kwenye uwanja ambamo watoto hucheza. Wale wazazi watatu walilisoma tangazo jipya, wakabishana kidogo juu ya neno "himaya", kisha wakaondoka. Mmoja wao alisema kwamba yeye angeandika "kibanja". Tunayapokea maoni yake pamoja na ya wasomaji wengine, na hasa tungependa kupata majina ambayo lugha za Kagera huwapa kunguru hawa watatu, ili yaweze kupimwa pamoja na haya.